Picha nimeziona, miche iko wapi?

Wiki hii tuwape likizo wapenzi wanaogombana. Twendeni kanisani, tena kanisani kule kwetu Kwashemshi, Korogwe, ambako vijana wengi wa mjini huenda kula Krismasi na kurudi na mkungu wa ndizi pamoja na, bila hata aibu, gunia la mkaa.

Hapo kwenye gunia ndipo penye kesi. Handeni, majirani zetu kabisa, miti inakatwa ili pilau la Dar liive. Halafu sisi haohao Jumapili tunapiga magoti kuomba mvua!

Krismasi moja nilimsikia mzee wa kanisa akiongea na kijana mmoja mtanashati, mgeni kutoka mjini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile miche mliyopanda mwaka jana iko wapi?"

"Tulipanda 50, mzee. Na picha tulipiga."

"Picha nimeziona. Mimi nauliza miche."

Kijana kimya. Miche ilikauka Februari, jua lilipowaka na wapandaji wako mjini. Kupanda ni sherehe, kumwagilia ndiyo kazi, na kazi ya wote isipopewa mwenyewe huwa ya hakuna.

Basi usharika ufanye nini? Kwanza, kila mche uwe na jina la mtu. Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa mkuu wa KKKT, aliitwa Askofu wa Miti kwa sababu ya kampeni zake kule Kilimanjaro, ambako watoto wa kipaimara nao walipanda miti. Nasi Kwashemshi tufanye hivyo, ila tuongeze sharti: mwalimu akague mche kabla ya kumruhusu mtoto avae lile gauni jeupe.

Pili, mnada. Baada ya ibada si tunanadi mayai, jogoo na maboga? Tunadi na miche ya mvule, mkangazi na miembe. Atakayeshinda aipande kwake, na jumuiya yake ipite kuitazama. Ila mikaratusi tusiipeleke karibu na chemchemi, ile inakunywa maji kama mlevi wa mwisho wa mwezi.

Tatu, bati la kanisa. Paa lenye mita 10 kwa 20, mvua ya milimita 10 tu inalishushia lita 2,000. Weka mfereji na tenki, maji ya kumwagilia hayo, na akina mama wanaopika siku ya mavuno wanapumua.

Nne, sherehe zetu. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019, lakini baada ya harusi uwanja wa kanisa unameta chupa za maji na sahani za kutupa. Usharika ununue sahani za kuosha, ukodishe kwa wenye harusi, na hela iingie kwenye mfuko wa miche. Vijana wa kwaya waoshe, sauti haiharibiki kwa sabuni!

Msidhani haya ni mambo madogo. Ethiopia, makanisa mengi ya Kiorthodoksi yamezungukwa na misitu ambayo waumini wameitunza kwa karne nyingi, huku mashamba ya jirani yakibaki wazi. Na hapa kwetu, Mto Pangani ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyojengwa mwaka 1964. Milima ikibaki kipara, mto utapungua, na ile spika ya kwaya mnayoipenda itanyamaza yenyewe.

Nawe mshikaji uliyeko Sinza au Kinondoni usicheke pembeni. Krismasi ijayo beba ndizi, gunia liache. Na ukipanda mche, mwachie binamu namba yako na hela kidogo ya maji. Mwaka unaofuata piga picha nyingine palepale.

Mzee yule bado anauliza.