Mgongo wa Mwanagenzi si Gurudumu

Upo msemo unaotembea katika karakana zetu za useremala, nao husemwa kwa majivuno: "Mashine ya kweli haitembei." Husemwa pale mtu anapouliza kama inafaa kuitengenezea mashine ya randa stendi ya magurudumu. Fundi mkuu hucheka, akaegemea benchi lake, akayatamka maneno hayo kama mtu atoaye fatwa. Mimi nasema msemo huo si wa kweli, na ubaya wake mkubwa ni kwamba gharama yake hailipwi na yule anayeusema.

Kwanza tuelewane tunazungumzia mashine gani. Sizungumzii yale majitu ya chuma cha kusubu yaliyofungwa kwa boliti kwenye zege katika karakana za reli na viwanda vikubwa vya mbao. Hayo yalijengwa yakae mahali pamoja, chini ya paa moja, na ubao ndio uliopelekwa kwenye mashine. Msemo ule ulikuwa na maana huko. Nazungumzia mashine ndogo ya kupunguza unene wa ubao, ile iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1980, yenye kumeza ubao wa upana wa inchi 12 au 13, na uzito wake ni baina ya kilo 30 na 45. Hiyo ndiyo mashine ambayo fundi wa kibarazani hujinyima mpaka akaipata.

Sasa nenda Keko, Dar es Salaam, au Gikomba kule Nairobi, utazame maisha ya mashine hiyo. Chumba cha kupanga ni kidogo, tena kimejaa vitanda na makabati yanayongoja wenyewe. Kazi hufanyika nje, kibarazani au ukingoni mwa njia. Jua likizama, kila chenye thamani huingizwa ndani na mlango ukatiwa kufuli. Mashine hii, ndugu msomaji, inatembea kila siku iendayo kwa Mungu. Hatuna haja ya kubishana kama itatembea au haitatembea. Tuulizane itatembea kwa miguu ya nani.

Inatembea kwa miguu ya wanagenzi. Asubuhi vijana wawili huinama, mmoja huku na mwingine kule, wakaitoa. Jioni huinama tena, wakairudisha. Tupige hesabu. Chukua mashine ya kilo 42, mara mbili kwa siku, siku 6 kwa juma, majuma 50 kwa mwaka. Hizo ni safari 600, nao uzito wake ukijumlishwa unafika kilo 25,200, yaani tani 25 na zaidi. Tani hizo zimepita mikononi na viunoni mwa vijana wawili ambao wengine wao hawajaota ndevu, na katika daftari la fundi hakuna hata shilingi moja iliyoandikwa kwa ajili yake. Wahenga walilijua jambo hili waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nitajibiwa kwamba kilo 42 si kitu, kwani makuli wa bandarini hubeba magunia makubwa kuliko hayo. Sawa. Lakini Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba wake wa 127 mwaka 1967, juu ya kikomo cha mzigo anaobebeshwa mtu mmoja, lilitaka mzigo wa mfanyakazi kijana uwe mdogo kwa kiasi kikubwa kuliko wa mwanamume mzima. Tena gunia lina adabu zake. Hulala begani, na likikuelemea hulitupa. Mashine ya randa haina pa kushikia panapofaa, uzito wake haukai katikati, chini yake pana kingo kali, na hakuna kijana atakayethubutu kuitupa, kwa maana anajua bei yake kuliko anavyojua thamani ya vidole vyake.

Nayasema haya kwa kuwa niliona. Katika karakana moja niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja, kijana wa miaka 17 alirudi kinyumenyume na mashine mikononi, kisigino kikagonga kizingiti. Hakuiachia. Vidole viwili vya mkono wa kuume vilibanwa kati ya chuma na fremu ya mlango. Vilipopona havikuweza tena kukunja sawasawa kushika patasi, na mwaka haukwisha akaiacha kazi. Hukumu iliyotolewa siku ile ilikuwa neno moja tu: uzembe. Mashine ilikaguliwa ikaonekana nzima, watu wakashukuru. Tangu hapo kila nisikiapo mtu akiyaita magurudumu anasa, humwuliza anajua bei ya vidole viwili.

Hata hivyo, sina ugomvi na wapinga magurudumu peke yao. Liko kundi la pili, nalo ni la hatari vilevile. Hawa wamekubali kwamba mashine itembee, basi huokota vigurudumu vinne vya kiti cha ofisini, wakavipigilia chini ya meza ya mbao za kreti, wakaipandisha mashine juu yake na kuiwasha. Wanadhani wametengeneza stendi, kumbe wametega mtego.

Mashine ya randa haifanani na kabati. Ndani yake visu huzunguka mara 8,000 hadi 10,000 kwa dakika, na rola zake huuvuta ubao kwa nguvu. Ubao wa mkongo wa futi 10, upana wa inchi 12 na unene wa inchi 2, uzito wake hukaribia ule wa mashine yenyewe. Ubao huo ukiwa ndio kwanza umeanza kuingia, karibu wote unaning'inia nje, na aliyeushika akilegea kidogo tu, hugeuka mtaimbo wa kuibinua mashine. Ukimalizikia upande wa pili bila mtu wa kuupokea, mambo ni yale yale. Sasa weka ugomvi huo wote juu ya vigurudumu vinne vinavyojizungukia. Hata vile vyenye breki, vingi huzuia gurudumu lisiviringike tu, lakini shingo yake huendelea kucheza, na mashine nayo ikacheza.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza katika kuchagua stendi ni hii: mashine ihame kwa magurudumu, lakini ifanye kazi kwa miguu. Stendi yoyote inayobaki juu ya magurudumu wakati visu vinazunguka, mimi siitaki, hata ikiwa imepakwa rangi ya kung'aa na kutoka ng'ambo. Zipo zenye pedeli, ukiikanyaga magurudumu hushuka na kuiinua, ukiiachia hupanda na miguu ikakaa sakafuni. Hizo ni nzuri kwa mwenye sakafu laini ya saruji. Lakini fundi wa kibarazani hahitaji kungoja meli. Mchomeleaji wa mtaa wake anaweza kumtengenezea inayomfaa zaidi, kwa mfano wa toroli.

Ni fremu ya chuma cha pembe yenye miguu minne iliyotanuka chini, na iliyotanuka zaidi kufuata urefu wa ubao, kwani huko ndiko kuna hatari ya kubinuka. Upande mmoja hufungwa magurudumu mawili yasiyogeuka, yakining'inia kwa upana wa kucha tu juu ya ardhi. Upande wa pili huwekwa mikono miwili ya bomba inayochomolewa. Mashine ikisimama, inasimama kwa miguu. Ukiinua mikono, magurudumu hugusa chini na mtu mmoja huisukuma kama toroli. Kadiri mikono ilivyo mirefu, ndivyo mzigo unavyokuwa mwepesi. Chini kabisa weka ubao wa kubebea matofali au mfuko wa mchanga, ili uzito ushuke. Mashine ifungwe kwa boliti kwenye fremu, si kukalishwa tu.

Kadhalika tazama kipimo cha gurudumu. La inchi 2 hukwama kwenye ufa wa kwanza wa sakafu, na maranda huliziba. Penye udongo na kokoto chukua inchi 8 au zaidi. Ukitaka ya magurudumu manne, jumlisha uzito wa mashine, stendi na ubao, kisha ugawe kwa tatu wala si kwa nne, kwa sababu sakafu zetu hazikunyooka na mara nyingi gurudumu moja huwa hewani. Urefu wa stendi nao usikisiwe. Katika mashine hizi ndogo, meza yake hukaa pale pale na kichwa chenye visu ndicho kinachopanda na kushuka. Basi meza hiyo ikilingana na benchi lako, benchi litaupokea ubao, na huhitaji mtu wa kusimama nyuma akimeza vumbi. Zaidi ya yote, plagi ichomolewe na visu vitulie kabisa kabla mtu hajagusa mikono ya kusukumia.

Wapo watakaosema: "Sisi tulibeba, na hatukufa." Ni kweli hamkufa. Lakini tazameni mnavyoinuka kutoka kwenye kigoda, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukitafuta ukuta. Wenzenu walioshindwa hawapo hapa kutoa ushahidi, waliondoka zamani wakaenda kutafuta riziki nyingine. Kuteseka kwa mkubwa hakujapata kuwa sababu ya kumtesa mdogo. Kama mngefuata hoja hiyo hadi mwisho, msingenunua hiyo mashine yenyewe, kwa sababu wazee wetu walipiga randa kwa mkono, nao hawakufa.

Wapo pia watakaosema hawana fedha. Hao nawasikiliza kwa heshima, ila nawauliza: ilipatikana vipi fedha ya mashine? Aliyeweza kununua ng'ombe asiseme ameshindwa kununua kamba. Chuma cha pembe, magurudumu mawili na ujira wa mchomeleaji ni sehemu ndogo ya bei ya mashine. Stendi ihesabiwe siku ile ile ya kununua, kama vile tunavyohesabu visu vya akiba. Asiyeweza kununua vyote viwili kwa pamoja na angoje mwezi mmoja zaidi, apige randa kwa mkono, mpaka fedha itimie.

Wewe mzazi unayempeleka mwanao kujifunza useremala, usitosheke na kuangalia ubora wa makabati yaliyopangwa mbele ya duka. Pita nyuma jioni, wakati wa kufunga, utazame mashine inavyoingia ndani. Ukiona vijana wameinama na fundi amesimama akihimiza, mshike mwanao mkono mtafute karakana nyingine.