Mwimbaji tunamjua, mtunzi je?

Leo naweka kando simu mpya na programu mpya, ingawa mwishowe tutarudi kwenye tarakilishi kama kawaida yetu. Nataka tuzungumze kuhusu wanamuziki na watunzi wa nyimbo wa Pwani: Mombasa, Lamu, Kilifi, Taita, na Unguja ng'ambo ya maji.

Mmoja wao akifariki, mambo huenda vilevile kila mara. Hotuba nzuri husomwa, redio hupiga nyimbo zake siku mbili tatu, picha zake husambazwa mitandaoni, kisha kimya. Baadaye mtu hupendekeza tamasha, sanamu, au barabara ipewe jina lake. Sina ugomvi na hayo. Lakini kuna heshima moja ya kwanza tunayoiruka, nayo haina gharama kubwa: kuandika sawasawa nani alifanya nini katika kila wimbo. Hilo ni suala la data, na data ndiyo kazi yetu sisi tunaoandika programu.

Tuanze na Juma Bhalo. Mohamed Khamis Juma Bhalo aliyefariki mwaka 2014 alikuwa sauti ya taarab ya Mombasa kwa miongo kadhaa. Mashairi mengi aliyoyaimba hakuyatunga yeye. Yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi ambaye diwani yake Malenga wa Mvita ilichapishwa mwaka 1971. Lahani nazo, nyingi zilichukuliwa kutoka nyimbo za filamu za Kihindi. Kwa hivyo wimbo mmoja unaweza kuwa na mtu aliyetunga maneno hapa Mombasa, mtu aliyetunga lahani kule Bombay, na mtu aliyeimba. Bado hujamtaja mpiga kinanda na mpiga tabla.

Sasa tazama kanda yenyewe. Ina jina gani? Juma Bhalo, basi. Pengine namba ya kanda, iliyoandikwa kwa kalamu.

Mfano wa pili ni Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 2016. Miongoni mwa waliomtungia mashairi ni Ahmed Sheikh Nabhany, mwanazuoni wa Kiswahili aliyefariki mwaka 2017. Kama jina hilo halikukumbushi kitu, basi kumbuka neno "runinga". Nabhany ndiye anayetajwa kuwa alilibuni. Mamilioni ya watu hutamka neno lake kila siku, na baadhi yao wamesikia beti zake harusini, ila hawajui kwamba mikono ni ileile.

Hapa ndipo tarakilishi inapoingia, na haikuja kutusaidia. Mwaka 1996 faili za MP3 zilipata njia ya kubeba maelezo ya wimbo, ikaitwa ID3. Toleo la kwanza lilikuwa na baiti 128 mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya aina ya muziki. Hesabu mwenyewe, utaona hakuna nafasi ya mtunzi hata kidogo. Aina za muziki zilikuwa orodha ya namba, kwa kuanzia 80, na ndani yake taarab haimo, wala chakacha, wala benga. Kijana aliyenakili kanda za babu yake kwa toleo hilo alilazimika kuchagua "nyingine" au kubandika jina la muziki wa watu wengine.

Toleo la pili lilikuja mwaka 1998 na likarekebisha. Lina kisanduku kinachoitwa TCOM cha mtunzi wa muziki, na kingine kinachoitwa TEXT cha mtunzi wa maneno. Vipo mpaka leo. Fungua faili yoyote ya taarab uliyo nayo uvitazame. Nakuhakikishia mara nyingi utavikuta vitupu. Hivyo teknolojia si kisingizio tena. Kisanduku kipo, sisi ndio hatukijazi.

Kuna atakayesema, "Lakini ndugu, nyimbo zote ziko YouTube siku hizi." Ni kweli nyingi ziko, na wanaozipakia wanastahili shukrani, maana wengi wanafanya hivyo kwa mapenzi tu na bando zao wenyewe. Ila kuweka kitu mahali pa mtu si kukihifadhi. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Myspace, ambayo zamani ilikuwa nyumba ya wanamuziki wengi mtandaoni, ilikuwa imepoteza muziki uliopakiwa humo kati ya mwaka 2003 na 2015 wakati wa kuhamisha data. Hakukuwa na nakala ya kurudishia. Halafu, hata wimbo ukibaki YouTube miaka 100, kichwa chake kikisema tu "taarab ya zamani tamu sana", jina la mtunzi limeshapotea.

Ajabu ni kwamba nyakati nyingine tunajua zaidi kuhusu rekodi za zamani kuliko za juzi. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Santuri za zama zile zilitoka na lebo iliyopigwa chapa na namba za kampuni, kwa hivyo mtafiti anaweza kuzifuatilia. Shaaban Robert naye akaandika wasifu wa Siti. Kanda za harusi za miaka ya 1980 hazikubahatika hivyo. Mtu aliweka kinasa sauti mbele ya jukwaa, kanda ikanakiliwa dukani, nakala ikanakiliwa tena, na kila hatua maelezo yakapungua.

Sasa wengine watauliza, jina lina faida gani kama wimbo wenyewe tunausikia? Faida ya kwanza ni haki. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, utunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Hizi ni saa mbili tofauti. Fundi Konde, gwiji wa gitaa kutoka Kilifi, alifariki mwaka 2000. Kwa hesabu hiyo, tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2050, ilhali rekodi iliyofanywa mwaka 1973 ulinzi wake uliisha mwisho wa mwaka 2023. Usipojua nani alitunga, huwezi kupiga hesabu hiyo. Na familia ya mtunzi haiwezi kudai kitu ambacho hakuna mahali kimeandikwa kuwa ni chake.

Tazama Jambo Bwana. Wimbo huo ni wa Teddy Kalanda Harrison na wenzake wa Them Mushrooms, kundi la huku huku Pwani. Mwaka 1983 Boney M waliuimba kwa mtindo wao, na leo kila hoteli ya ufuoni huupiga. Watalii wengi, na Wakenya wasio haba, hudhani ni wimbo wa kimapokeo usio na mwenyewe. Hivyo ndivyo mtunzi anavyopotea hata akiwa na wimbo maarufu kuliko nyimbo zote za nchi.

Halafu kuna Malaika, na hapa nataka waandishi wa programu wanisikilize vizuri. Fadhili William, mzaliwa wa Taita aliyefariki mwaka 2001, aliurekodi wimbo huo na ndiye aliyetambuliwa kama mtunzi. Adam Salim naye alidai kwamba aliutunga yeye. Miriam Makeba akaupeleka duniani. Mimi si hakimu, sitaamua. Ninachosema ni kwamba jedwali lenye safu moja iitwayo "mtunzi" inayokubali jina moja tu linakulazimisha uamue. Ukiweka jina moja, umemfuta mwingine. Ukiacha wazi, umewafuta wote.

Suluhisho si gumu. Usihifadhi ukweli mmoja, hifadhi madai. Kila dai liwe mstari wake: nani anatajwa, kwa kazi gani (maneno, lahani, sauti, ala), nani amesema hivyo, lini, na ushahidi ni nini: lebo ya santuri, gazeti, mkataba, au mzee aliyehojiwa. Jedwali moja la watu, moja la tungo, moja la rekodi, na moja la madai yanayoziunganisha. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kulijenga mwishoni mwa wiki.

Wala huhitaji kujenga kila kitu upya. MusicBrainz ni hifadhidata huria ambayo tayari hutenganisha utunzi na rekodi, na hukuruhusu kutaja mtunzi wa maneno mbali na mtunzi wa muziki. Wikidata nayo inazo sifa zake: P676 kwa aliyeandika maneno, P86 kwa aliyetunga muziki, P175 kwa aliyeimba au kupiga. Zote mbili ziko wazi kwa yeyote kuhariri. Mtu mmoja mwenye subira, akikaa na kabati moja la kanda, anaweza kuacha alama kubwa humo.

Tukija kwenye sauti yenyewe, muda si rafiki yetu. Kanda za sumaku huchakaa, na mashine za kuzicheza zinazidi kuadimika pamoja na mafundi wanaojua kuzitengeneza. Wataalamu wa hifadhi za sauti walikuwa wakitaja mwaka 2025 kama wakati ambapo kunakili kanda kungeanza kuwa shida kubwa. Mwaka huo umeshafika. Lakini msiogope ukubwa wa kazi. Tupige hesabu: sauti ya biti 24 kwa sampuli 96,000 kwa sekunde, njia mbili, ni baiti 576,000 kila sekunde. Kanda ya dakika 60 ni kama GB 2 na kidogo. Kanda 1,000 ni takriban TB 2, na ukizibana kwa FLAC bila kupoteza kitu, zinapungua zaidi. Hiyo ni diski moja unayoweza kuishika mkononi. Nunua tatu, moja ikae mji mwingine.

Kinachokula muda ni kusikiliza. Kanda ya saa moja hunakiliwa kwa saa moja, hakuna njia ya mkato. Basi ndiyo nafasi ya kukaa na mzee pembeni. Mashairi ya taarab yamejaa mafumbo. Ua si ua, na jahazi si jahazi. Aliyekuwepo ndiye anayejua wimbo ulimlenga nani, ulijibu wimbo gani, na neno lile la Kiamu au Kimvita lina maana gani. Mwache azungumze, mrekodi kwa simu yako, na faili hiyo ikae pamoja na wimbo. Sauti ya kanda ingeweza kupona kwa bahati. Maelezo ya mzee hayana nakala nyingine.

Jambo moja la tahadhari. Kunakili ili kuhifadhi na kuchapisha mtandaoni ni mambo mawili. Unaponakili kanda za familia fulani, zungumza nao kwanza, waeleze, waachie nakala yao, na usipakie kitu hadharani bila idhini. Watunzi wetu wameshachukuliwa vya kutosha.

Kazi nzuri imeshafanyika, tusijifanye tunaanza sisi. Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2007, imefuatilia na kuchapisha historia ya benga na muziki mwingine wa Kenya. Huko Ufaransa, Buda Musique imetoa mfululizo wa Zanzibara wenye taarab ya Unguja na Mombasa. Lakini taasisi chache haziwezi kufikia kila kabati la Majengo, Kibokoni na Lamu. Ni sisi wenyeji tunaojua kanda ziko kwa nani.

Kwa hivyo, msomaji, nakupa kazi ndogo. Chagua wimbo mmoja tu wa nyumbani kwenu. Uliza mama, shangazi au jirani: maneno haya alitunga nani? Uliza watu wawili, andika majibu yote mawili hata yakitofautiana, na uandike nani kakwambia na tarehe gani. Kisha jaza kile kisanduku cha TEXT ambacho kimekaa kitupu miaka yote hii. Ukikwama upande wa tarakilishi, niandikie, nitakusaidia. Ukikwama upande wa majina, fanya haraka, maana wanaoyajua hawangoji.