Viunganishi vya Msuli

Mwanafunzi wa isimu akisikia neno kiunganishi, hukumbuka "na", "lakini" na "kwa sababu". Ni nadra aukumbuke moyo wake mwenyewe. Ilhali ndani ya kila seli ya msuli mna viunganishi, na pasipo hivyo nguvu za mwili zingekuwa kazi bure.

Wapo wenzetu wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza mambo kama haya. Wapo pia wenye ari njema lakini iliyopotea njia, wanaojifungia kubuni istilahi ya kila protini hata msomaji akahitaji kamusi ya kumfasiria kamusi. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea. Majina ya protini ni kama majina ya watu. Tuyatohoe tu: distrofini, desmini, plektini, kisha jasho letu tulimwage kwenye maelezo.

Nayo maelezo hayatushindi. Seli ya msuli imejaa nyuzi zilizopangwa safu safu. Desmini huzifunga safu hizo ubavu kwa ubavu ili zivute pamoja, mithili ya kamba zinavyofunga fito kwenye nguzo za nyumba ya udongo. Plektini huishikiza desmini hiyo kwenye kiini, mitokondria na utando wa seli. Katika moyo, ambao haujui likizo, desmoplakini huifunga desmini kwenye maungio ya seli na jirani yake. Jeni ya desmoplakini ikiwa na kasoro, mapigo huweza kuvurugika hata mtu akafa ghafla.

Distrofini ndiyo inayonigusa zaidi. Huunganisha kiunzi cha ndani ya seli na utando wake. Jeni yake, iliyotambuliwa na kundi la Louis Kunkel huko Boston mnamo 1986, ina zaidi ya jozi milioni 2 za besi. Distrofini ikikosekana, utando huchanika msuli unapojikunja, kalsiamu huingia kiholela, seli hufa, na mahali pake pakajaa mafuta na kovu. Huo ndio ugonjwa wa Duchenne, unaompata takriban mvulana 1 kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Mtoto huanza kuangukaanguka akiwa mdogo. Wengi hushindwa kutembea wakikaribia miaka 12, na moyo nao hudhoofika.

Mama wa mtoto huyo akielezwa kwa Kiingereza pekee, hurudi nyumbani na jina la ugonjwa tu. Jirani atamwambia kwamba mwanawe amerogwa, na maelezo ya jirani yatakuwa kwa Kiswahili fasaha. Hatajua kwamba huenda yeye mwenyewe ana jeni hiyo, wala kwamba binti zake wanaweza kupimwa kabla ya kupata watoto.

Wanafunzi wa tiba ni marika wetu. Tuketi nao. Jarida hili likitenga kurasa 2 katika kila toleo kwa kazi hiyo, niko tayari kuhariri za kwanza.