Vumbi ya mipira inapimwa. Ya kwetu je?

Ndugu wachimbaji, kobalti ya Kolwezi inaingia ndani ya betri nyingi za motokari za umeme. Betri ile ni nzito, mara nyingi inapita kilo 300, tena motokari inaondoka kwa nguvu. Ndiyo maana mipira inakwisha mbio. Mwenye nayo, kama mipira ya kwanza ilikuwa na alama HL, ya kubeba uzito mkubwa, anunue HL tena.

Sasa mwaka 2024 Ulaya ilipitisha sheria Euro 7: hata vumbi ya mipira imewekewa mpaka. Vizuri. Lakini vumbi yenye kreseri anavuta mgodini, na kuileta kwa watoto ndani ya nguo, nani anaipima? Sisi wa sendika tunadai: kipimo kianzie huku, kwenye shimo.