Amri ya Tano ya Mungu, Barabarani na Majini

Katika muda mfupi, namna Watanzania wanavyosafiri imebadilika sana. Tangu mwaka 2024, treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kupitia Morogoro. Mnamo Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa 3, liliwaondolea wasafiri wa Mwanza na Sengerema adha ya kusubiri kivuko. Kwa hayo tunamshukuru Mungu.

Hata hivyo, reli na daraja havimfikishi mtu mlangoni kwake. Akishuka stesheni hupanda daladala, kisha bodaboda. Na mkazi wa visiwani bado hutegemea chombo cha majini. Katika hatua hizo za mwisho, uhai wa msafiri umo zaidi katika dhamiri za watu. Hatujakisahau kivuko MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kilijengwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 200.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, ikifafanua Amri ya Tano, inafundisha kwamba anayehatarisha maisha yake na ya wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi, iwe barabarani, majini au angani, ana hatia kubwa. Ni rahisi kulisikia fundisho hilo tukamfikiria dereva peke yake. Lakini tajiri anayedai hesabu ya siku isiyopatikana bila kukimbia, anashiriki kosa hilo. Nasi abiria tunashiriki tunapomhimiza dereva aongeze mwendo, tunaponyamaza akiwa amelewa, au tunapopanda mshikaki kwenye pikipiki moja, tena tukitoka Misa Takatifu.

Tunajua mshikaki hupunguza nauli, na kwa mama mwenye watoto wawili hilo si jambo dogo. Ndiyo maana wajibu huu hauwezi kubebwa na mtu mmoja. Vijana wengi wa bodaboda ni watoto wa parokia zetu: Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwaalike na kuwasikiliza juu ya hesabu wanazodaiwa. Mwenye gari ampe jirani nafasi. Nasi tukubali kuchelewa kidogo, ili sote tufike.

Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, utuombee.