Nyumba ya Kupanga na Baridi ya Iringa

Familia inayotafuta nyumba ya kupanga mjini Iringa huuliza kwanza kodi ni kiasi gani, kama maji yanatoka, na kama mwenye nyumba anaishi humo humo. Dalali naye huonyesha vigae, rangi ya kuta na dari iliyonakshiwa. Ni nadra mtu kusimama katikati ya chumba cha kulala na kuuliza: usiku wa Julai, humu ndani tutapataje joto? Kwa maoni yangu swali hilo lilipaswa kutangulia hata kodi, kwa kuwa jibu lake ndilo litakaloamua iwapo jiko la mkaa litabaki uani au litaingia ndani.

Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya usiku huwa kali, na nyumba zetu nyingi za matofali ya kuchoma na bati hazina njia yoyote ya kupashwa joto. Jiko lililokwisha kuivisha ugali huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na kitambaa kikawekwa kuziba upenyo wa chini. Wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na kuacha kutoa moshi hauna madhara tena. Imani hiyo huua. Moshi huwasha macho, hivyo humwonya mtu. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu usio na moshi huendelea kuitoa. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika na kulegea. Aliye usingizini huenda asiamke.

Kwa wahudumu wenzangu wa zamu ya usiku, jambo moja lisisahaulike. Kifaa tunachomvisha mgonjwa kidoleni kupima oksijeni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hii. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu ambaye yu hatarini kweli. Familia inapofika alfajiri ya baridi, wote wakilalamikia kichwa na kichefuchefu, kabla ya kufikiria malaria au chakula kilichoharibika, waulizeni walilala na nini chumbani. Oksijeni ya kiwango cha juu ianze papo hapo.

Ushauri unaotolewa kliniki mara nyingi ni mfupi: fungueni madirisha. Kwa mkazi wa Dar es Salaam unatosha. Kwa mama mwenye kichanga hapa Iringa ni nusu ya ushauri, naye ana haki ya kuupuuza iwapo hatuambiwi wala hatumwambii atakavyomkinga mtoto na baridi. Mtu hafunguzi dirisha litakalomwamshia mwanawe kwa kutetemeka.

Nyumba yenyewe inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo. Iringa iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika miezi ya baridi jua la mchana huwa upande wetu wa kaskazini, na upepo wa kipupwe huvuma kutoka kusini mashariki. Chumba chenye dirisha la kaskazini hupata jua bila kupigwa na upepo; chenye dirisha la magharibi huhifadhi joto la jioni hadi saa za kulala. Dari, hata ya mbao za kawaida, huzuia joto lisikimbilie kwenye bati. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha, ambayo wapangaji wengi huyaziba kwa magazeti, yapo juu kwa sababu maalumu: hewa nzito ya chumba hutoka bila upepo kumpiga aliyelala. Nitathubutu kusema kwamba nyumba za zamani zenye matundu hayo ni bora kuliko mpya nyingi zenye madirisha ya alumini ya kutelezesha, ambayo kwa umbo lake hufunguka nusu tu. Ni mazuri kuyatazama, sikatai.

Hewa hiyo ina kazi nyingine. Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, na kifua kikuu huwafuata watu hao hadi vyumbani. Familia ya watu sita katika chumba na sebule, madirisha yakiwa yamefungwa tangu saa kumi na mbili jioni, huvuta hewa ile ile hadi asubuhi. Na kama mnaishi na mzee, tazameni pia choo kiko umbali gani na ngazi ni ngapi, maana atakwenda huko usiku, gizani.

Mwaka 2024 taifa lilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ninauunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, katika nyanda za juu jiko la mkaa halipiki tu, linaota watu. Mtungi wa gesi huivisha chakula na kuzimwa, na familia iliyoununua bado huwasha mkaa jioni kwa ajili ya joto. Mtaalamu wa afya anayeuliza mgonjwa wake wa pumu, “Mnapikia nini?” ataambiwa gesi, na atakuwa ameambiwa ukweli. Swali la pili, “Mnaota nini?”, halina hata nafasi katika fomu zetu nyingi.

Mpangaji aliyekwisha kulipa kodi ya miezi sita hana uwezo wa kugeuza nyumba. Anaweza kufungua madirisha yote kuanzia saa nne asubuhi jua likiwa limepanda, kuyafunga jioni huku matundu ya juu yakibaki wazi, kuongeza blanketi, na kuota moto uani kabla ya kuingia kulala. Mwenye nyumba ana uwezo zaidi. Anayejenga vyumba vya kupangisha Kihesa au Mtwivila hivi sasa hahitaji fedha za ziada ili dirisha la chumba cha kulala litazame kaskazini. Anahitaji kumwambia fundi kabla msingi haujachimbwa.