SAYANSI NYUMBANI: Saa Ing'aayo Gizani

Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari waliolala mahandakini walihitaji kusoma saa usiku bila ya kuwasha kiberiti, maana mwali mmoja ulitosha kumwonyesha adui walipo. Msaada ulitoka kwa radiumu, iliyogunduliwa mjini Paris mwaka 1898 na Marie na Pierre Curie. Chembe zake zilichanganywa na unga wa sulfidi ya zinki. Atomu za radiumu hujivunja zenyewe na kutoa mionzi, nayo mionzi huupiga ule unga ukang'aa.

Gharama waliilipa wengine. Huko Orange, New Jersey, Marekani, wasichana waliopaka rangi hiyo nyusoni mwa saa walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo. Radiumu hufanana na kalisi, basi mwili uliipeleka mifupani. Baadhi yao taya zilioza, na kadhaa wakafa. Watano walishtaki, wakapata fidia mwaka 1928.

Saa za namna hiyo zingali zimo sandukuni mwa baadhi ya wazee. Nyingi hazing'ai tena, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kilichochoka ni unga wa zinki. Radiumu yenyewe huchukua miaka ipatayo 1600 kupungua nusu. Saa hiyo isifunguliwe nyumbani, wala mtoto asipewe kuichezea, kwani vumbi lake likivutwa au kumezwa hukaa mwilini. Saa nyingi za siku hizi hutumia unga unaonyonya mwanga na kuurudisha gizani, usio na mionzi hiyo.